Mwaka Mama Alipolala kwa Mkwewe

Siku tuliyomzika Luhende, aliyekuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati, tulikuwa wengi, lakini nitawataja wale tu ambao bila wao habari hii haisimami. Alikuwepo dada yangu Kabula, mjane wake, amekaa kwenye mkeka ndani, kichwa amekifunga. Nilikuwepo mimi, Minza, mdogo wake wa tumbo moja, ubavuni pake. Alikuwepo binti yangu Veronika na mumewe Deus, yaani mkwe wangu, aliyetutoa Mhunze mpaka Runzewe kwa gari lake bila kuilalamikia barabara. Alikuwepo Anastazia, binti wa hao wawili, anayesomea uuguzi. Na alikuwepo mzee Rashidi, mchimbaji wa zamani, mtu wa Kigoma, ambaye si ndugu wa yeyote kati yetu. Yeye alikuwa jirani tu, ila jirani aliyesikia kila kitu. Wawili hawakuwepo kwa kuwa walishatangulia: mama yangu Holo, na Nyanzobe, mama mzazi wa marehemu. Nawaweka kwenye hesabu hata hivyo, maana maneno yaliyosemwa pale yaliwahusu wao kuliko sisi tuliokula chakula cha msiba.

Rashidi ndiye aliyeyaanza. Alitoa pole yake, akaketi kwenye kigoda, halafu akasema polepole kama mtu anayeongea na fimbo yake, "Minza, unakumbuka dresa alivyoingia kwa mkwewe kinyumenyume, kama ng'ombe anayekataa josho?" Kabula akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika, na sikujua kama analia au anacheka mpaka aliponigusa paja, nikajua anacheka, mjane siku ya kumzika mume wake. Uso ukaniwaka moto. Vijana wakataka kujua ni nini, na Anastazia akasema, "Bibi, tusimulie." Nikakataa. Habari hii ukiisimulia kwa mdomo watu hucheka, wakimaliza kucheka wanasahau. Nimeona afadhali niiandike, mimi wa darasa la nne, kwa kalamu ya mjukuu, nikiwa peke yangu ambapo hakuna anayeutazama uso wangu.

Ulikuwa mwaka tuliohamishiwa vijijini. Zamani kila mji ulikuwa mbali na mwingine. Mtu akigombana na mkewe ni ng'ombe wake tu waliosikia. Kuhamishwa kukatupanga kwenye mistari, nyumba na nyumba, dirisha linatazama dirisha, ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Mimi nilikuwa binti ambaye kifua ndiyo kwanza kinajaza gauni. Mama alikuwa na uvimbe kwenye ziwa la kulia, ameuficha tangu mavuno ya mtama ya mwaka uliotangulia, anauogea gizani, na aliyeugundua ni mimi nilipomsugua mgongo. Sitaki kueleza tulivyofika hospitali ya misheni wala nani aliuza nini. Tulifika. Wakamkata. Mimi nikawa nalala kwenye mkeka chini ya kitanda chake kama walivyolala wauguzaji wote, kila mmoja chini ya mgonjwa wake.

Wodi ile naikumbuka kwa harufu ya spiriti na uji wa mahindi ulioungua. Kitanda cha jirani alilazwa mama mmoja wa Ushirombo, Mama Tereza, naye amekatwa kama mama. Huyo aliumwa kwa sauti. Aliwaita watakatifu wote kwa majina, alimwita marehemu mama yake, alimwita daktari mwenyewe, na kila akipiga kelele muuguzi alikuja na sindano ya kioo iliyotoka kuchemshwa, akamchoma, naye akalala kama mtoto aliyenyonya. Wanawake wa wodi walimcheka. "Anazaa huyo?" "Anazaa mapacha." Mimi pia nilicheka, nimejiziba mdomo kule chini ya kitanda. Mama hakucheka wala hakulia. Muuguzi alimuuliza, "Mama, unaumwa?" akajibu, "Sijambo, mwanangu, sijui wewe?" Muuguzi akapita. Kwa wanawake wa kwetu huo ulikuwa usafi, kama kufagia uwanja. Mama alituzaa sote bila mkunga kusikia hata pumzi yake, na sifa hiyo ilitembea mbele yake popote alipokwenda. Kuumwa kwa sauti kulikuwa kama kutembea umefunguka nguo.

Daktari alikuwa Mzungu mfupi anayejua Kiswahili cha kutosha kukaripia. Siku aliyopita na kundi lake alisimama kati ya vile vitanda viwili, akamwangalia Mama Tereza anayetafuna muwa, akamwangalia mama aliyekauka kama ubao, jasho limemtoka juu ya mdomo. Akasema, "Huyu anayelia nitamruhusu kwanza. Wewe unayenyamaza unanitisha." Kisha akanigeukia mimi, sijui kwa nini mimi, akaniambia mwili una askari wake, wanaolinda usiku na mchana. Mtu akiumwa bila kupumzika, hali, halali, hapumui mpaka chini, askari hao wanachoka. Hapo uchafu mdogo tu wa kidonda unapata njia, na mbegu ya ugonjwa, kama ipo iliyobaki ambayo kisu hakikuiona, nayo inapata njia. "Maumivu hayamfanyi mtu kuwa hodari," alisema. "Yanamla." Nikaitikia "ndiyo daktari" huku natazama viatu vyake. Baadaye mama akaniuliza alisema nini. Nikamwambia. Akasema, "Wazungu wana maneno." Basi.

Vitanda vilikuwa haba. Daktari alipojua kwamba mume wa Kabula ni dresa wa zahanati, huko upande wa Bulyanhulu, alifurahi kama aliyeokota kitu. Akampa Luhende vichupa vichache vya dawa kali ya maumivu, vimefungwa kwa pamba ndani ya kopo, na dawa ya kidonda, na maagizo: achomwe kabla ya kusafishwa kidonda, avute pumzi ndefu, akohoe, apandishe vidole vya mkono wa kulia ukutani kila siku, juu zaidi na zaidi, mkono usije ukakauka. Luhende aliitikia yote amesimama nje ya mlango wa wodi, amegeuza uso. Daktari hakuelewa. Alimwambia, "Ingia, umwone mgonjwa wako," na Luhende akasema, "Nimemwona, daktari," naye alikuwa akitazama mti wa mjohoro.

Kwetu wakati ule mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakutani uso kwa uso. Wakionana njiani, mmoja anaingia kwenye mtama mpaka mwenzake apite. Hawatajani majina. Hawali chombo kimoja. Si chuki hata kidogo, ni heshima kubwa kuliko zote, kwa sababu yule ndiye aliyemzaa mkeo, na mwili wake ni mlango aliopitia huyo mkeo. Sasa mama yangu, Holo, aende akalale kwenye nyumba ya mkwe, na mkwe huyohuyo amfunue kifua. Ndani ya lori lililotubeba mama alikuwa na soni mpaka niliisikia kwenye mkono wake nilioushika. Alisema neno moja tu njia nzima: "Bora wangenikata na miguu, nisifike."

Nyumba ya Luhende ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, ukuta wa tofali mbichi ambao haukufika juu. Kati ya kichwa cha ukuta na nyasi za paa palibaki nafasi, ukiongea chumba hiki unasikika kile. Mama tulimpa chumba cha nyuma kilichokuwa na mlango wake wa uani, kilichowekwa magunia ya karanga na matobolwa, viazi vile vilivyochemshwa na kukaushwa. Tangu hapo Luhende akawa mgeni kwenye nyumba yake. Hakuweza kuingia uani bila kukohoa tangu kwenye mnyaa wa ua, ili mama apate muda wa kufunika kichwa. Alikula kwa Rashidi, aliyepanga chumba nyumba ya pili, na kila jioni tulimsikia Rashidi akimsema. "Dresa, umefukuzwa na mgonjwa?" "Sijafukuzwa. Nampa nafasi." "Kwetu Kigoma mkwe ni mama, unamsalimia, unambusu mkono, mambo yamekwisha. Nyinyi Wasukuma mtauana kwa heshima." Tulimsikia Luhende anatafuna.

Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa pande zote mbili. Luhende alisimama sebuleni, mama amelala chumbani, ukuta kati yao, na wote wawili wanasikiana vizuri kuliko ninavyosikia mimi leo. "Minza," angesema Luhende, "mwulize mama ameamkaje." Nami nimesimama mlangoni nageuza shingo: "Mama, shemeji anauliza umeamkaje." "Mwambie mwenye nyumba nimeamka salama." "Shemeji, ameamka salama." "Mwulize maumivu yakoje, nilete sindano?" "Mama, maumivu yakoje, alete sindano?" "Mwambie vidonge vinatosha. Mwambie asante." Siku moja nilichoka nikasema, "Si mmesikiana?" Kabula alinifinya sikio mpaka nikaona nyota mchana.

Kidonda tulikisafisha sisi, Kabula na mimi, Luhende akituelekeza kupitia juu ya ukuta. "Chemsheni maji na chumvi. Loweka kitambaa kabla ya kukivuta. Ingiza pamba mpaka mwisho wa kile kijishimo pembeni, usiogope." Kabula alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Akigusa pembeni, mama hakusema kitu, ila vidole vyake vya miguu vilijikunja kama vya mtu anayepanda mlima. Kabula akiviona aliondoa mkono. "Nimesafisha," alisema kwa sauti, ili isikike upande wa pili. Hakuwa amesafisha. Mimi nililijua hilo na yeye alilijua, na mama alilijua zaidi yetu, lakini nani amwambie mwanaume kwamba mama yake mkwe anaumia? Vile vichupa vilikaa ndani ya kopo lao juu ya kabati.

Wageni walikuja kumwona, wanawake wa ule mstari wetu wa nyumba. Walileta maziwa mgando, mlenda, kuku mmoja. Walimkuta amekaa kitako, amefunga kanga kifuani, anatabasamu. "Mayu Holo ni jiwe," walisema, mayu kwetu ni mama. "Amekatwa nusu ya mtu na hajasema hata aah." Walipotoka waliendelea kusifia uani, na mimi nilijaa fahari mpaka kooni. Siku hizi nikikumbuka ile fahari natamani nijifunike. Chakula walicholeta hakikuliwa na mama. Alikigusisha mdomoni, akakirudisha, na walipoondoka nilikula mimi, mlenda na maziwa, yote. Vidole alivyotakiwa kuvipandisha ukutani vilifika usawa wa kiuno, vikarudi. Kukohoa ndiyo hakuthubutu kabisa. Alipumua juujuu kama ndege aliyeshikwa mkononi. Na nje huko, Luhende ndiye aliyekuwa akikohoa, kila akiingia, kila akitoka, anakohoa kwa heshima, kikohozi kikavu cha mtu mzima asiye na ugonjwa wowote.

Halafu harufu ikaja. Kwanza nilidhani ni panya kwenye magunia. Nilipojua, nilifanya kile ambacho hata leo kinanikaba: niliacha kwenda kisimani na wenzangu. Nilikwenda peke yangu jua likiwa kali, wakati hakuna watu, kwa kuhofia kwamba imeshika nguo zangu, na wasichana watauliza. Nilimwonea aibu mama yangu. Naye aliona, kwa sababu alianza kuniambia, "Kakae nje, mwanangu, kuna upepo." Mwili wake ulichemka asubuhi, ukapoa mchana, ukachemka tena. Mvua zilikuwa zimekata barabara, lori halipiti, na zahanati nzima ilikuwa na Luhende na mzee wa kufagia.

Aliyevunja kimya kile ni Rashidi, na alikivunja kwa maneno ya ovyo, kama kawaida yake. Alipita uani akitoka mashimoni, mwili mweupe kwa vumbi la mawe, akamkuta Luhende anachemsha sindano za wagonjwa wengine. Akasema, "Dresa, mkwe wako ana watu wawili ndani yake. Mmoja mkiwepo anacheka. Mwingine mkienda zahanati na shambani anang'ata kanga na kulia. Nachimba zamu ya usiku, mchana niko kitandani, ukuta wangu ndio huo, namsikia. Mchimbaji akiangukiwa na mwamba hulia hivyo. Nilifikiri mnajua." Luhende aliacha sindano kwenye maji. Alikuja sebuleni bila kukohoa, mara ya kwanza, akasimama karibu na ukuta. "Minza," alisema, na sauti haikuwa yake. "Mwambie mama... mwambie nimekuwa natibu ukuta." Mama hakungoja nirudie, alisema kutoka upande wa pili, taratibu, "Mwambie mwenye nyumba sina neno naye. Nife na haya zangu."

Luhende alitoka, akampandisha mzee wa kufagia kwenye baiskeli ya zahanati, akamtuma Runzewe kwa mama yake mzazi.

Nyanzobe alifika amelowa hadi magotini, mwanamke mrefu, mweusi, mwenye tumbaku mdomoni, asiyejua kunong'ona. Alisalimia uani, akaingia moja kwa moja kwa mama, akafunga mlango. Nilikuwa ndani, nimekaa kwenye gunia, hakunifukuza. Alimfungua mama ile kanga, akatazama, akaifunga tena. Hakuziba pua. Alikaa kitandani. "Holo," alisema, "walipooana watoto wetu nilikuja kwenu, ukanipa kuku, nikala. Ulisema, nyumba yangu ni yako. Ulisema au hukusema?" "Nilisema." "Sasa mimi nina nini cha kukupa? Ng'ombe sina. Nina huyu mtoto wa kiume aliyeko nje, anayejificha kwenye mnyaa kama mwizi wa mahindi. Nimekuja kukuazima." Mama akamtazama. "Kuazima nani?" "Huyo. Nimemzaa mimi, ni wangu kabla hajawa wa Kabula. Nakuazima mpaka kidonda kikauke. Akiingia hapa haingii mkweo, anaingia mwanangu, na mwanangu ni mwanao. Ukipona unirudishie mkwe wako, mwendelee kukimbizana kwenye mtama." Mama akasema, "Na watu?" Nyanzobe akatema tumbaku dirishani. "Watu watakuja kukuzika na watasema ulikuwa jiwe. Unataka?"

Mvua ilikuwa inadondoka kutoka kwenye nyasi, na kule sebuleni mtoto wa Kabula alikuwa anapiga chafya. Kisha mama akainua mkono wa kushoto, akaivuta ile kanga kutoka kifuani, akajifunika nayo uso. Kifua akakiacha. "Haya iko machoni," alisema chini ya kitambaa. "Mwambie aje."

Ndipo Luhende alipoingia kinyumenyume. Nilimshika shati nikamwongoza, sinia ya sindano ameinyanyua mbele yake, mgongo unatangulia, akagonga gunia, karanga zikamwagika, na Nyanzobe akasema, "Geuka, baba, huwezi kumchoma mtu kwa kisogo." Akageuka. Alikuwa na jasho kama anayelima. Alimchoma mama kwenye bega, akangoja ifanye kazi, ndipo akakisafisha kidonda, mpaka mwisho wa kile kijishimo pembeni, yote aliyokuwa akituelekeza siku zile juu ya ukuta aliyafanya kwa mara moja. Vidole vya miguu vya mama vililegea. Kazi ilipokwisha Luhende hakuweza kuondoka. Dawa ile, alisema, ikizidi inaweza kuipunguza pumzi mpaka isimame, lazima mtu asikilize. Basi akaketi kwenye gunia, ametazama ukutani, anasikiliza pumzi za mama yake mkwe. Nasi tukasikiliza. Pumzi zikawa ndefu. Zikafika chini. Halafu mama yangu, mwanamke aliyezaa bila sauti, akaanza kukoroma.

Alikoroma kama trekta. Kwa Rashidi ukuta wa pili tulisikia mtu anasema, "Alhamdulillahi." Luhende aliinamisha kichwa kati ya magoti, masikio yamemwiva, hajui aende wapi na haya zake, kwa sababu kusikia mkoromo wa mkwe nadhani ni kubaya kuliko kuona kidonda chake. Hakutoka. Alibaki pale mpaka mama alipojigeuza. Nilimwona anajifuta macho kwa ile pamba ya spiriti, kisha akaumia macho, akawa analia kwa sababu mbili.

Vichupa vilipokwisha yalibaki maumivu yanayowezwa na vidonge, kwa kuwa sasa mama alisema ukweli. Usaha ulikauka. Alikohoa, ameshika mto kifuani, Nyanzobe akimhesabia kama anayemfundisha mtoto kutembea. Alikula matobolwa na karanga mpaka tukaogopa gunia litaisha. Na kila asubuhi alisimama kwenye ule ukuta, vidole vinapanda kama buibui mzee, usawa wa kidevu, usawa wa paji. Siku moja mavuno yakiwa yamekaribia, Luhende amerudi kuwa mkwe, anakunywa uji sebuleni, nilimwona anaacha kikombe hewani. Juu ya kichwa cha ukuta, pale usipofika paa, palikuwa na ncha za vidole vitatu. Zilitulia kidogo, zikashuka. "Minza," alisema Luhende, "mwambie mama nimeona." "Mama, shemeji anasema ameona." "Mwambie mwenye nyumba asitazame watu."

Mama aliishi mpaka akawabeba wanangu mgongoni, na ugonjwa ulipomrudia alikuwa tayari mzee. Kama ungemrudia mapema zaidi iwapo asingechomwa zile sindano, au ingekuwa vilevile, sijui. Nimemwuliza Anastazia. Anasema ni kweli maumivu makali baada ya upasuaji yanadhoofisha kinga ya mwili, na kwamba hata baadhi ya dawa kali zenyewe zinaweza kuigusa kinga hiyo, wakubwa wao bado wanabishana juu ya hilo, lakini hakuna anayebishana kwamba mgonjwa aachwe aumwe. Nilimwambia hilo tulilijua. Akaniuliza, "Mlilijua, Bibi?" Nikamwomba karatasi. Luhende na mama waliendelea kupishana kwenye mtama mpaka mama alipokufa. Hakuwahi kuutazama uso wa mtu aliyemponya. Nilidhani mimi, niliyeona yote hayo, nimejifunza.

Mwaka jana nikakatwa mimi, ziwa la kulia lilelile. Ni hospitali ya kisasa, kila kitanda na pazia lake. Muuguzi, mtoto mdogo kama Anastazia, akaniambia, "Bibi, nitajie namba. Sifuri huumwi kabisa, kumi ni maumivu yasiyovumilika." Deus, mkwe wangu, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika chupa ya chai aliyoniletea. Zama hizi wakwe wanasalimiana, wanapanda gari moja, hata kula tunakula pamoja. Nikasema, "Mbili." Muuguzi akaandika mbili. Vidole vyangu vya miguu vilikuwa vimejikunja chini ya shuka, na nilivisikia kama vya mama. Shangazi zangu na mama yangu na wale wanawake wa ule mstari wa nyumba walikuwa wamesimama ndani yangu wananisifu. Deus aliitazama shuka pale miguuni. Aliiweka chupa ya chai chini. Kisha, bila kusema pole, akanipa mgongo, akasogea mpaka uso wake ukakaribia kugusa pazia. "Mama," alisema, "mimi nimegeuka. Sema namba ya kweli."

Nikasema, "Tisa."

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Kabula anashikilia kwamba kanga aliyojifunika mama ilikuwa nyekundu, mimi naiona ya njano yenye korosho nyeusi. Rashidi anadai karanga hazikumwagika, ni mimi nilizimwaga baadaye nipate za kutafuna. Huenda wapo wengine wa ule mstari wetu wanaojua zaidi, nao waje waninyooshe, sitakasirika. Anayenisahihisha ajue tu jambo moja: kwenye chumba kile Luhende alitazama ukuta, mama alijifunika kanga, na mimi niliyepaswa kuona kwa niaba yao nilikuwa nimeinama natazama karanga.